Mtoto wa Kimilili na taarifa ya saa moja jioni

Swali: Mwalimu, natumai u mzima. Mimi ni msichana wa Kimilili, Kaunti ya Bungoma. Nilimaliza kidato cha nne nikapata C+. Tangu utotoni natamani kusoma taarifa ya habari ya Kiswahili kwenye runinga, lakini nyumbani wananivunja moyo. Ndugu zangu wanasema Kibukusu kimenijaa kinywani, nchi nzima itanicheka. Shangazi anasema bila mtu wa kukushika mkono Nairobi hufiki popote. Baba anasema hiyo ni kazi ya sura, haina pesa, na ukizeeka unatolewa. Naomba unieleze maisha ya mtangazaji yalivyo hasa, na nianzie wapi.

Jibu:

Mwanangu, hayo uliyoambiwa nyumbani hayana uzito sawa. La sura nitalipitia haraka. La kinywa nitakaa nalo, kwa sababu nimehariri taarifa za Kiswahili kwa miaka mingi na sasa nafundisha sauti na matamshi hapa Kisumu, na ninaona hapo ndipo vijana wengi wa Magharibi na Nyanza hukata tamaa bure. Hapo pia ndipo wengine hukataliwa kwenye usaili bila kuambiwa sababu.

Kwanza tenganisha lafudhi na matamshi. Lafudhi ni wimbo wa sauti yako, pale unapopandisha na pale unapovuta. Mtu akikusikia akatambua kwamba hukulelewa Lamu wala Mvita, hujaharibu kitu. Ni kweli kwa miongo mingi taarifa za Kiswahili zilisomwa zaidi na watu wa pwani, na masikio yetu yakazoea kwamba hivyo ndivyo habari zinavyosikika. Siku hizi watu wa bara nao wanasoma, na sijaona mtu akizima runinga kwa ajili hiyo. Matamshi ni suala lingine kabisa. Ukiweka sauti moja mahali pa nyingine umebadilisha neno, na habari imebadilika pamoja nalo. Skripti inasema walimu wamegoma. Wewe unasema walimu wamekoma. Mzazi aliye Chwele anaelewa kwamba mgomo umeisha, na kesho alfajiri anamwamsha mtoto aende shule iliyofungwa. Hilo ni kosa la habari, sawa na kutaja jina la mtu siye.

Chanzo chake kiko katika lugha uliyokulia, na ukikielewa utaacha kujiona mwenye kasoro. Katika Kibukusu, zile b, d, g na j za Kiswahili hutokea zikiwa zimetanguliwa na sauti ya puani. Sema embwa. Sema engokho. Sema enju. Umezitoa vizuri bila kufundishwa na mtu. Shida huja zikisimama peke yake. Ulimi uliozoea Kibukusu hukimbilia p, t, k na ch, ndiyo maana gari linakuwa kari, dawa inakuwa tawa na jana inakuwa chana. Ile b unayoisikia katika jina Babukusu nayo ni tofauti na b ya Kiswahili: midomo hukaribiana bila kufunga, pumzi ikapita katikati. Z na v ndizo ngeni kabisa kwa ulimi huo, kwa hiyo zaa huteleza ikawa saa, na vua ikawa fua.

Basi tumia ulichonacho. Kwa kuwa b tayari unayo ndani ya mb, tamka mba, mba, mba, ukiishikilia m. Kisha ifupishe m hiyo kidogo kidogo mpaka iwe haisikiki, b ibaki peke yake. Fanya vivyo hivyo kwa nda, nga na nja. Weka vidole viwili kooni: ukitamka b, koo hutetemeka hata kabla midomo haijaachana, ukitamka p, limetulia. Kwa z anza na s ndefu, kisha litetemeshe koo bila kuhamisha ulimi. Kwa v anza na f. Ukishazipata, zoeza maneno yanayokaribiana: bata na pata, goma na koma, jana na chana, dua na tua, vua na fua. Halafu yaingize katika sentensi za taarifa, kwa sababu neno moja moja halitakusaidia mbele ya kamera. Jirekodi kwa simu, lakini usisikilize papo hapo. Sikiliza kesho yake, masikio yakiwa yamesahau ulichokusudia kusema, na utasikia ulichosema. Robo saa kila siku ina faida kuliko Jumamosi nzima ya kujitesa.

Na usidhani ni Wabukusu peke yao. Jirani zetu Wajaluo hawana sh, z wala v katika lugha yao, hivyo shamba huwa samba, na zamani huwa samani, yaani meza na viti. Mgusii hupambana na l na r. Wanandi na Wakipsigis wana ugumu unaofanana sana na wako wa p na b. Nimefundisha vijana wa jamii hizi zote, na waliofaulu ni wale waliokubali kwamba kazi hii ni ya misuli ya kinywa, inayotaka mazoezi ya kila siku. Waliokwama mara nyingi ni wale waliokwenda kuiga sauti ya msomaji fulani maarufu wa pwani. Wakapata wimbo wake, sauti zikabaki vilevile.

Niongeze jambo ambalo ndugu zako hawakulitaja na ambalo linanisumbua zaidi ya lafudhi: ngeli. Kijana anakuja na sauti nzuri, anatulia mbele ya kamera, kisha anasema kitabu yangu, hii gari, maji imemwagika. Sokoni Kimilili hakuna atakayekurekebisha. Kwenye taarifa ya saa moja mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha kwanza anakutazama pamoja na wanafunzi wake, na kesho darasani watakutumia kama mfano. Soma Taifa Leo kwa sauti kila asubuhi. Usiisome kwa macho tu. Sikiliza taarifa ya Kiswahili ya redio, kisha uiandike upya kwa maneno yako, ukiangalia kila kivumishi kimekubaliana na nomino yake.

Kisha kuna kazi isiyoonekana ya kuhamisha habari kutoka Kiingereza, maana sehemu kubwa ya taarifa zinazoingia chumba cha habari nchini mwetu zinaandikwa kwa Kiingereza: za polisi, za gavana, za mahakama, za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Msomaji mzembe hutafsiri saa vibaya. Ajali iliyotokea saa moja na nusu asubuhi inasomwa saa saba na nusu, na tayari umemweka marehemu barabarani mchana. Fedha nazo zina mitego yake. Anayechanganya milioni na bilioni anaweza kumfanya ofisa mmoja wa kaunti mwizi mkubwa kuliko alivyo, au mdogo kuliko alivyo. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 tulilazimika kujifunza msamiati mzima wa ugatuzi na kuwaeleza wananchi wakati huohuo. Anayejua Kiswahili cha namna hiyo, kile cha bajeti na mahakama na hospitali, haachwi nje kwa muda mrefu.

Sasa la shangazi, kwamba lazima ujulikane Nairobi. Ofisi kuu za vituo vya kitaifa ziko huko, na taarifa ya saa moja husomwa huko, hilo halina ubishi. Lakini tazama njia walizopita watu.

Catherine Kasavuli, mwenye asili ya Vihiga, aliingia Sauti ya Kenya, ambayo leo ni KBC, mwaka 1980 akiwa na umri wa miaka 18. Alianzia redioni, akiunganisha vipindi, kazi ya sauti bila sura. Runingani alikuja baadaye. KTN ilipofunguliwa mwaka 1990, ikiwa runinga ya kwanza ya kibinafsi nchini, yeye ndiye aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuisomea habari moja kwa moja, na kizazi kizima cha wasichana kikajifunza kukaa mbele ya kamera kwa kumtazama. Utulivu ule haukutokana na urembo. Alikuwa amekaa mbele ya maikrofoni miaka mingi kabla nchi haijamjua uso.

Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown kule Mombasa, naye alikuwa mtu wa redio kwanza. Kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? kilianza mwaka 1966 na kikadumu zaidi ya nusu karne, kikafika hadi kwenye runinga. Msingi wa kipindi kile ulikuwa kuangalia: mtu anayekojoa ukutani, jirani anayepiga redio usiku kucha, mgeni anayeingia bila kubisha hodi. Alipita mitaani akiwa amefungua macho, kisha akayasema kwa Kiswahili ambacho bibi wa kijijini alikielewa na profesa hakukidharau. Sauti tamu walikuwa nayo wengi katika enzi yake. Macho ya namna ile hawakuwa nayo.

Na Larry Madowo, ambaye leo unamwona CNN, ni kijana wa Siaya, yatima aliyelelewa na nyanyake. Alianza KTN akiwa mwanagenzi, akaenda NTV, kisha BBC mwaka 2018, kisha CNN. Anatangaza kwa Kiingereza, njia yake si yako neno kwa neno. Ila amekuwa akieleza hadharani alikotoka bila kuona haya, na kule kujua maisha ya kijijini kunasikika anapohoji watu wa kawaida.

Kwa hiyo jibu langu kwa shangazi ni hili: chumba cha habari cha Nairobi kina vijana wengi wanaotaka kiti cha studio, na mara zote kina upungufu wa watu wanaoweza kuleta habari iliyokamilika kutoka Bungoma. Kituo cha kitaifa hakina mwandishi katika kila kaunti ndogo. Kinategemea waandishi wa mashinani wanaolipwa kwa kila habari iliyopeperushwa, na redio za huku kama vile Mulembe FM, Sulwe FM, West FM ya Bungoma, Ramogi FM na nyingine. Ndiyo sababu nakwambia kiti cha studio utakifikia kupitia habari. Anayekwenda kutafuta kiti kwanza huishia kusoma maandishi ya wengine bila kujua yamekosewa wapi.

Na uko mahali penye habari, mwanangu. Chwele ni soko ambalo bei ya mahindi na vitunguu inaweza kukueleza hali ya chakula katika nusu ya Magharibi. Webuye ilikuwa na kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilichofungwa mwaka 2009, na mji mzima ukabadilika. Vijana wa rika lako hawaukumbuki mji wa enzi zile, lakini wazee wao bado wanaishi na matokeo yake. Mwaka 2025 serikali ilipokodisha viwanda vyake vinne vya sukari kwa kampuni za kibinafsi, kiwanda cha Nzoia kikiwa kimojawapo, Nairobi walitangaza mkataba. Mkulima wa Bukembe alitaka kujua nani atamlipa miwa aliyopeleka kabla ya mkataba. Habari hiyo ya pili ndiyo ngumu kuipata, na inahitaji mtu anayeweza kuketi na mkulima, akamwuliza kwa Kibukusu, kisha akaieleza nchi kwa Kiswahili. Hapo ndipo kile wanachokiita mzigo kinywani mwako kinageuka kuwa ufunguo. Mwandishi aliyeletwa kutoka Nairobi kwa siku moja hatapewa jibu hilo.

Budalang'i Mto Nzoia ukivunja kingo, Nyando mafuriko yakiingia madarasani, gugumaji likifunga ufuo wa Dunga wavuvi wasitoke, kila mara naona tofauti kati ya mwandishi anayejua mahali na anayepita. Anayepita atasimama mbele ya maji aseme hali ni mbaya. Anayejua atakuonyesha alama ya maji ya mafuriko yaliyotangulia kwenye ukuta wa zahanati, atakuambia tuta lilijengwa lini na kwa fedha za nani, na atamtafuta chifu aliyeandika barua ya tahadhari ambayo haikujibiwa. Mhariri akipata ripoti ya pili, anauliza: huyu ni nani?

Swali la maisha ya kila siku sitalirefusha, kwa kuwa ukishaingia utayajua wiki ya kwanza. Msomaji wa saa moja jioni huwa kazini tangu mchana. Anasoma skripti zote kabla ya wakati, anaandika upya sentensi zinazomkaba pumzi, anauliza majina ya watu na vijiji yanavyotamkwa. Wengi hupuuza hili la mwisho. Mtu wa Budalang'i akisikia jina la kijiji chake limeborongwa hasikii tena kinachofuata. Studioni kuna taa kali, kuna kifaa sikioni ambamo mwongozaji anakuhesabia sekunde huku wewe ukisoma, na kuna teleprompta, kile kioo kinachopitisha maandishi mbele ya macho yako, inayoweza kuganda katikati ya sentensi. Ndiyo maana karatasi huwa mezani, na ndiyo maana mtu aliyeielewa habari huendelea kuongea kwa sekunde hizo, ilhali aliyekariri hunyamaza nchi nzima ikimtazama. Mawasiliano na ripota aliye mashinani hukatika. Habari kubwa huingia dakika tano kabla ya kumaliza. Halafu unafuta vipodozi, unapanda gari, unafika nyumbani watoto wamelala. Krismasi, Idi na usiku wa matokeo ya uchaguzi utakuwa kazini.

Kuna upande mwingine ambao hawakukuambia nyumbani na ambao sitaki ukukute hujajiandaa. Kiti hicho kina hatari. Alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi wa anga walioasi walimtoa Mbotela nyumbani kwake na kumlazimisha atangaze redioni kwamba serikali imepinduliwa. Sauti ambayo nchi iliiamini ndiyo waliyoitaka, na mwenye sauti hakuulizwa. Tarehe 30 Desemba 2007, nchi ikisubiri matokeo ya urais na ghasia zikianza Kisumu na kwingineko, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Mwaka 2015 mzozo wa kuhamia dijitali ulifanya vituo vikubwa vya kibinafsi vitoweke hewani kwa karibu wiki tatu. Mwishoni mwa Januari 2018 serikali ilizima Citizen, NTV na KTN kwa sababu ya kuonyesha kiongozi wa upinzani Raila Odinga akila kiapo cha kuwa "rais wa wananchi" katika bustani ya Uhuru, na watangazaji wa NTV, Madowo akiwa mmoja wao, wakalala ofisini wakihofia kukamatwa nje ya mlango. Katiba yetu ya mwaka 2010 inalinda uhuru wa vyombo vya habari katika kifungu cha 34, na Mahakama Kuu iliamuru vituo hivyo virudishwe, lakini siku kadhaa zilipita kabla ya amri hiyo kutiiwa.

Hatari nyingine iko mikononi mwako mwenyewe. Sisi wa Kisumu, Nakuru na Bonde la Ufa tunajua maneno ya kwenye maikrofoni yanavyoweza kuzua mambo. Joshua arap Sang, aliyekuwa mtangazaji wa Kass FM, redio ya Kikalenjin, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule Hague kuhusiana na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Kesi ilisitishwa Aprili 2016 na hakupatikana na hatia. Nakutajia ili ujue uzito wa kazi yenyewe: mtangazaji wa redio ya lugha moja, kutoka kaunti zetu hizi, alikaa kwenye kesi ya aina hiyo kwa miaka. Kabla ya kusema jamii fulani imefanya jambo, jiulize ni watu gani hasa waliofanya, wangapi, na nani ameshuhudia. Kanuni za Baraza la Habari, linalosimamia kazi ya wanahabari nchini, zinakukataza kumtambulisha mtoto katika kesi ya dhuluma za kingono, au mtu yeyote aliyedhulumiwa kingono. Zisome mapema, kabla hujakutana na mhariri mwenye haraka.

Wanawake nao wana mzigo wa ziada ambao sitauficha. Mwanaume akikosea kwenye taarifa, watu mitandaoni wanataja kosa. Mwanamke akikosea wanataja nguo, nywele, ndoa na umbo. Hilo ndilo lililo karibu na ukweli katika maneno ya baba yako kuhusu sura. Kamera inataka uso safi, nguo isiyometameta na macho yaliyopumzika. Haitaki ujichubue ngozi, na yeyote atakayekudokezea hivyo, au atakayetaka kukutana nawe faraghani ndipo akupe nafasi, ondoka na uwaambie watu wako jina lake. Kuhusu uzee, mkumbushe baba kwamba Kasavuli alirudi KBC mwaka 2021 akisomea kipindi cha wakongwe, akikaribia miaka 60, na watu walifurahi kumwona. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo iliyomwondoa, tarehe 29 Desemba 2022.

Kuhusu pesa, baba ana hoja, na usibishane naye kwa kumtajia nyota wawili watatu wanaoendesha magari makubwa. Mwandishi wa mashinani analipwa kwa habari iliyotoka. Isipotoka, umepoteza nauli ya matatu na boda, data na siku nzima. Malipo hucheleweshwa. Mwaka 2020 korona ilipoingia, kampuni kadhaa za habari nchini zilikata mishahara na kufuta watu kazi, na wengine hawakurudi tena. Anayedumu huwa ana kitu cha pili. Wako wanaoendesha hafla, wanaofundisha, wanaotafsiri, wanaoweka sauti kwenye matangazo ya biashara. Lulu Hassan na Rashid Abdalla, mume na mke waliopata umaarufu kwa kusoma pamoja habari za wikendi Citizen, walianzisha kampuni ya kutengeneza tamthilia za Kiswahili, na naamini hiyo ndiyo njia yenye busara kuliko kungoja mshahara wa mwajiri mmoja. Kanze Dena alitoka kwenye kusoma habari akawa msemaji wa Ikulu mwaka 2018. Kiswahili kilichonyooka kina soko zaidi ya studio, tena katika nchi ambayo Katiba imekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi.

Lakini kuna pesa moja usiiguse. Ukienda kwenye mkutano wa mwanasiasa, mwishoni atatokea mtu na bahasha, ataiita nauli. Utakuwa na njaa siku hiyo, na mwenzako wa kituo kingine atakuwa ameshapokea. Ukiipokea hutaweza kuuliza swali la bei ya barabara iliyosombwa na mvua ya kwanza, na kaunti nzima itajua, kwa sababu wenye kutoa bahasha huwa wanazungumza. Nimeona vijana wenye vipaji wakimalizwa na elfu mbili. Naumia kila ninapoliona.

Sasa uanzie wapi. C+ yako inakuruhusu kusomea shahada. Masinde Muliro pale Kakamega wanafundisha uanahabari na ni karibu na nyumbani. Maseno wanafundisha mawasiliano na wana redio yao, Equator FM, ambamo mwanafunzi anaweza kukaa mbele ya maikrofoni kabla hajahitimu. Egerton kule Njoro nao wana redio. Taasisi ya Mawasiliano ya Umma, KIMC, iliyoanzishwa mwaka 1961, bado ndiyo shule niliyoona inazalisha watu wanaojua kushika vifaa kwa mikono yao. Iko South B, Nairobi, na ina tawi Eldoret. Ukichagua chuo, usiangalie jina kwanza. Uliza kama kina studio inayofanya kazi na kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaruhusiwa kuingia. Kozi za wiki chache za kukufanya mtangazaji achana nazo, nyingi ni picha mbele ya meza ya kukodi. Ukiwa chuoni, jisajili na Baraza la Habari upate kadi ya mwanafunzi. Baadaye kadi hiyo huhuishwa kila mwaka, na bila kadi utazuiwa kwenye milango mingi.

Usingoje chuo ndipo uanze. Mwezi huu nenda Chwele siku ya soko na simu yako. Chagua bidhaa moja, uliza wauzaji na wanunuzi, uliza mwenye lori, uliza ofisi ya kaunti inatoza ushuru kiasi gani. Andika habari ya dakika moja na nusu. Piga picha ukiwa umelaza simu, si kuisimamisha. Rekodi sauti mahali pasipo na upepo, na ukikosa maikrofoni ya kubana kwenye nguo, funika simu ya pili kwa kitambaa chepesi uiweke karibu na kifua cha anayezungumza. Simama mbele ya kamera mwishoni tu, sekunde chache, useme jambo ambalo picha haikuweza kulisema.

Ukishatengeneza tatu au nne za namna hiyo, unganisha iliyo bora na dakika moja ya wewe ukiwa umeketi ukisoma taarifa, umelitazama dirisha mwanga ukupige usoni, nyuma yako ukuta mtupu. Dakika tatu kwa jumla zinatosha, mhariri hana zaidi. Usitume faili zito kwa baruapepe. Iweke mtandaoni, utume kiungo kwa mhariri wa Kiswahili wa kituo na kwa mwandishi wao wa kanda ya Magharibi, kwa barua fupi ya Kiswahili isiyo na kosa hata moja la ngeli, ukieleza unaishi wapi na unaweza kufika wapi kwa saa ngapi. Piga simu baada ya wiki moja. Wasipojibu, tuma ripoti mpya. Ile ya zamani usiitume tena.

Kabla hujawapelekea wao, nitumie mimi. Nitaisikiliza na kukuandikia orodha ya maneno ya kurudia, tukianza na yale yenye g na b.